PENYE JUA HAPANA WAJENZI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nina jambo linaloniwasha moyoni, na mwenye kuwashwa hujikuna. Nashukuru kupewa nafasi katika kurasa hizi za chama chetu cha Kiswahili ili nami nitoe langu. Atakayekerwa nalo naomba anijibu kwa kalamu katika toleo la mwaka ujao, asinivizie kwenye foleni ya chakula.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nami naongeza: penye jua hapana wajenzi pia. Maoni yangu nayasema mapema ili mtu asidai nimemzungusha. Sisi watu wa Malindi na Kilifi tumejaliwa jua la kutosha na kusaza, lakini kawi ya jua tumeifanya jambo la kutazama na kununua tu. Utafiti wa kawi hii, pamoja na utafiti wa vyombo visivyofuja stima, tumeuachia watu wa mbali. Mimi nasema uanze hapa shuleni kwetu, na uanze kwa Kiswahili.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtembelea nyanya yangu, hawe kama tunavyomwita kwa Kigiriama. Nyumba yake iko upande wa Langobaya, huko bara ya Malindi ambako jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Langobaya ndiko kulikojengwa mtambo mkubwa wa umeme wa jua ulioanza kuuza stima Desemba 2021. Si mchezo: ni mtambo wa megawati 52, wenye paneli zaidi ya 150,000 zilizopangwa safu kwa safu kama mahindi shambani. Stima yake huuziwa shirika la umeme la taifa kwa mkataba wa miaka 20. Ukiziona zile paneli wakati wa adhuhuri utadhani bahari imehamia bara.

Usiku ulipoingia nilitoa vitabu vyangu vya Bayolojia. Hawe akaniwashia kibatari. Nilisoma kwa saa moja na nusu nikiwa nimeinamia ule moto, na asubuhi nilipopenga kamasi ilitoka nyeusi kama makaa. Simu ya hawe nayo hupelekwa dukani kuchajiwa kwa shilingi 20, na mjukuu mmoja hukaa kuilinda isije ikabadilishwa.

Nikamwuliza, "Hawe, ile stima ya kule kwenye vioo yaenda wapi?"

Akacheka. "Yaenda kwenye waya, mjukuu wangu. Nasi twaiona ikipita."

Sasa, Mgala muue na haki umpe. Sikuja hapa kulaumu mtambo wala shirika. Mtambo ule haukujengwa uwe taa ya kijiji kimoja. Stima yake huingia kwenye gridi ya taifa, ikachanganyika na ile ya mvuke wa Olkaria iliyoanza mwaka 1981, ya mabwawa ya Mto Tana, ya jua la Garissa, na ya upepo wa Ziwa Turkana yenye megawati 310. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na vyanzo kama hivi visivyokwisha. Hilo ni jambo la kujivunia, maana nchi nyingi tajiri bado zinachoma makaa ya mawe. Na kuifikisha stima hadi mlangoni kwa hawe kunahitaji nguzo, waya na transfoma, na hivyo vyote ni pesa.

Hata sisi tulio na waya nyumbani hatujapona. Mwaka 2023 gridi ililala mara tatu, tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba, na karibu nchi nzima ikawa giza. Sisi wa shule ya kutwa ndio tunaoumia zaidi. Mwenzetu wa bweni ana jenereta na mwalimu wa zamu. Sisi tukifika nyumbani jioni, baada ya kuteka maji na kumaliza kazi za nyumbani, ndipo tunapotafuta mwangaza. Mtihani wa KCSE ni mmoja, na karatasi haiulizi ulisoma kwa taa gani.

Kuna wanaosema, "Wewe nawe! Utafiti ni kazi ya Wazungu na maprofesa. Kidato cha tatu shule ya kutwa atafiti nini?" Maneno haya nimeyasikia kwa wanafunzi, na nisamehewe nikisema kuwa nimeyasikia hata ofisini. Nitayajibu moja moja.

Kwanza, si kweli kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Nenda Ngomeni ukatazame baharini. Zile nguzo za chuma ni za kituo cha San Marco cha Waitaliano, walikoanza kurusha setilaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi yetu ilipokuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Waliipa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Je, ilipata wapi stima huko juu kusiko na nguzo wala waya? Ilipata kwa paneli za jua! Yaani zaidi ya miaka 50 iliyopita paneli za jua zilipaa kutoka bahari ya Ngomeni, zikapita juu ya vibatari vyetu, zikaenda kufanya kazi mbinguni. Sisi tulibaki chini tukipiga makofi. Jina tuliwapa, lakini ujuzi hatukuuomba.

Pili, utafiti si lazima uanze na pesa nyingi. Chukueni mfano wa taa za LED ambazo sasa zinauzwa hata kwenye vibanda. Taa nyekundu ya aina hii ilipatikana mwaka 1962. Lakini ili upate mwangaza mweupe wa kusomea ulihitaji rangi ya buluu, na hiyo buluu iliwashinda wataalamu kwa karibu miaka 30. Kampuni kubwa nyingi zilikata tamaa. Watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, hawakukata. Nakamura alikuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya mkoani, mbali na miji mikubwa, na vyombo vingine alijitengenezea mwenyewe. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Matunda yake ni kwamba globu ya zamani ya wati 60, ambayo sehemu kubwa ya stima yake hupotea kama joto, leo inashindwa na LED ya wati 8 au 9. Kwa hiyo paneli ndogo ambayo zamani isingewasha hata globu moja sasa inaweza kuangaza nyumba nzima ya hawe. Mvumilivu hula mbivu, na hapa waliokula ni ulimwengu mzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna maswali ambayo hakuna mtu wa nchi ya baridi atakayetujibia. Paneli hupimwa nguvu zake ikiwa na joto la nyuzi 25. Hapa kwetu paneli iliyolala juu ya bati wakati wa kaskazi inaweza kufika nyuzi 60. Kila nyuzi moja inayozidi 25 hupunguza nguvu ya paneli kwa takribani asilimia 0.4. Piga hesabu: nyuzi 35 mara 0.4 ni asilimia 14. Yaani uliyenunua paneli ya wati 100 unapata 86, na hujui aliyekuibia ni nani. Dawa ni rahisi. Inua paneli kidogo kutoka kwenye bati, upepo upite chini yake. Lakini tembea mtaani kwenu uone ni ngapi zimegandamizwa juu ya bati kama chapati kwenye kikaango.

Tena sisi tuko karibu sana na Ikweta, Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini yake, kwa hiyo paneli haihitaji kusimama sana. Lakini ikilala kabisa, vumbi na chumvi ya bahari vitakaa juu yake na mvua haitaviosha. Uinamo gani unafaa Mambrui, na upi unafaa Ganze kwenye vumbi? Skrubu za aina gani hazishikwi na kutu upesi pwani? Ni nani atakayepima kama si sisi tunaoishi hapa?

Wengine mtasema haya ni maneno matupu. La. Muhula uliopita sisi watatu wa darasa letu tulimwomba mwalimu wa Fizikia paneli ndogo na mita. Tuliiweka juani nyuma ya maabara. Mshale wa mita ulipanda vizuri. Kisha mwenzetu mmoja akaweka kuti moja la mnazi lifunike kona tu ya paneli, kona ndogo. Mshale ukaanguka vibaya, si kidogo kama tulivyodhani. Mwalimu akatueleza kuwa vile vipande vya paneli vimeungwa kwa kufuatana, hivyo kimoja kikizibwa huzuia na wenzake, kama gari moja lililokwama kwenye barabara nyembamba. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikampandisha kaka yangu juu ya mnazi akate makuti mawili. Jioni taa yetu ilikaa zaidi. Huo ndio utafiti, jamani. Ulitugharimu kuti moja.

Sasa nije kwenye ufujaji, maana haifai kuchota maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hapa shuleni petu tulihesabu zile taa ndefu nyeupe, madarasani na ofisini, tukapata 40. Kila moja ni wati 36. Zikiwaka saa 4 kwa siku ni uniti 5.76. Zikibadilishwa kuwa za LED za wati 18 tutatumia nusu, yaani tutaokoa uniti 2.88 kila siku. Kwa siku 190 za masomo ni uniti 547. Hata tukikadiria uniti moja kwa shilingi 25 tu, hizo ni shilingi 13,680 kila mwaka. Ni vitabu vingapi hivyo?

Isitoshe, kuna dawa isiyonunuliwa: kuzima swichi. Mwezi uliopita saa saba mchana tulikuta darasa moja tupu, jua limejaa madirishani, na taa zote sita zinawaka. Tulipozizima, mwanafunzi mmoja akapita akasema, "Wacha bwana, kwani zinalipwa na babako?" Ndiyo, zinalipwa na babangu, na babako pia. Karo ni nini? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hapa nitoe kisa cha nyumbani, ingawa baba akikisoma huenda akaninunia. Baba ni mvuvi. Aliweka akiba akanunua sola, na betri, na televisheni ndogo. Kulikuwa na karatasi ya maelezo, upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Baba ameishia darasa la saba, lakini Kiswahili chake ukikisikia utakaa chini. Karatasi ile hakuielewa, na hakuna aliyemwambia kuwa betri ya maji ya asidi haitakiwi kunyonywa hadi mwisho, ni afadhali ibaki na nusu. Kila usiku sisi tulitazama mpira mpaka televisheni ikazimika yenyewe. Baada ya miezi minane betri ilikufa. Baba akasema, "Sola ni uongo." Lakini sola haikuwa uongo. Kilichokosekana ni maneno manne matano ya Kiswahili.

Kisa hakikuishia hapo. Ile betri iliyokufa ilitupwa nyuma ya jiko, na mdogo wangu wa miaka mitano akawa anaichezea. Mimi sikujua ubaya wake mpaka mwalimu alipotusimulia habari za Owino Uhuru, kule Mombasa. Kati ya mwaka 2007 na 2014 palikuwa na kiwanda karibu na makazi hayo kilichoyeyusha betri za zamani ili kutoa risasi. Sumu ya ile risasi iliingia hewani, majini na kwenye damu za watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, alisimama kuwatetea, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani kuzunguka, Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo mwaka 2024. Betri ni ile ile, iwe ya gari au ya sola. Kawi ya jua ni safi, lakini usafi wake huishia pale tunapotupa betri nyuma ya jiko. Nilimwondoa mdogo wangu siku hiyo hiyo, na betri tukaipeleka kwa anayezinunua kuzirudisha. Nimeambiwa zipo njia bora zaidi za kuzirejesha, na hilo nalo ni la kutafitiwa.

Najua walimu wengine watasema haya hayamo kwenye silabasi, na wakati ni wa kujiandaa kwa mtihani. Nawaheshimu, lakini hapa nawapinga. Umeme umo, joto limo, asidi zimo, hesabu za asilimia zimo, na insha imo. Kinachokosekana ni kuviunganisha na paa la nyumba yetu. Mwaka 2024 watu waliandamana Uyombo kupinga mpango wa kujenga mtambo wa nuklia hapa Kilifi. Sisi tukafanya mjadala darasani kuhusu habari hiyo. Pande zote mbili zilipiga kelele ajabu, na mwenyekiti alipouliza megawati moja ni kitu gani, darasa lote likanyamaza. Sitaki kuamua mzozo wa Uyombo hapa. Nauliza tu: watu wasiojua megawati watachaguaje baina ya jua, upepo na nuklia? Watachaguliwa na wengine.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne, na yote yanawezekana bila kungoja mfadhili.

(i) Kuwe na daftari moja la kawi shuleni. Kila Jumatatu wanafunzi wawili wasome mita ya stima na kuandika uniti zilizotumika. Kila darasa lipewe mtu wa kuzima taa.

(ii) Taa ndefu ya zamani ikiungua, isirudishwe nyingine ya aina ile. Iwekwe ya LED. Pole pole zote 40 zitabadilika.

(iii) Klabu ya Sayansi iombe ziara ya mtambo wa Langobaya, na ikaribishe wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kiko hapa hapa Kilifi, waje kutuonyesha namna ya kupima paneli kwa utaratibu. Tuwapelekee maswali yetu ya chumvi, vumbi na makuti. Mimi binafsi nina la kwangu: sanduku la barafu la kutumia jua lingegharimu kiasi gani pale wavuvi wanapotia nanga? Baba huuza samaki kwa bei ya kutupa jioni kwa sababu barafu imekwisha, na jua lililoiyeyusha ndilo lingeweza kuigandisha.

(iv) Hili la mwisho ni letu sisi wa chama cha Kiswahili, wala tusimsukumie mwingine. Tuandike karatasi moja, ukurasa mmoja tu, ya jinsi ya kutunza sola nyumbani: inua paneli, ifute vumbi, kata makuti, usinyonye betri hadi mwisho, usimwache mtoto aichezee. Tuiandike kwa Kiswahili ambacho hawe akisomewa ataelewa. Tukikosa neno, tuulize mafundi wa mtaani, maana wao wanayo majina tayari. Kila mwanafunzi wa kutwa apeleke nakala moja nyumbani. Sisi si wa bweni, kila jioni tunarudi vijijini na mitaani. Watu husema hiyo ni hasara yetu. Katika jambo hili ni nguvu yetu.

Mwaka 1954 paneli ya kwanza ya silikoni huko Marekani iligeuza asilimia 6 tu ya mwanga kuwa stima. Wangeweza kusema haifai. Leo paneli za kawaida hupita asilimia 20, kwa sababu kuna watu waliopima, wakaandika, wakapima tena. Hatuombwi tuvumbue jua. Tunaombwa tupime na tuandike.

Likizo ijayo narudi Langobaya. Nimeweka akiba ya taa moja ndogo ya LED na paneli yake, na nitaipandisha mwenyewe juu ya paa la hawe, nikiiinua kidogo upepo upite. Mtambo mkubwa uendelee kupeleka stima yake kwenye waya. Ila safari hii nikitoa vitabu vya Bayolojia, nataka kibatari kikae pembeni kimezimwa.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Anayenipinga, uwanja ni wake. Anayeniunga mkono, tukutane Jumatatu mbele ya mita ya stima.